Kaka yuko Muscat anataka nyumba ya paneli, baba anataka matofali. Nimsikilize nani?

Maalim, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Ni mjane, nina watoto wawili, na tangu nifiwe nimerudi kwa baba na mama. Nyumba yetu ni ya kiambaza na bati. Masika haya ukuta wa chumba cha watoto uliporomoka usiku, Mungu akasitiri hawakuwamo. Tuliukandika upya, ikaja mvua ya siku tatu mfululizo, ukashuka tena.

Kaka yangu yuko Muscat mwaka wa 11 sasa. Amesema inatosha, atatujengea. Huko ameona nyumba za paneli: kuta zinatoka kiwandani zimeshakatwa matundu ya milango na madirisha, zinafungwa kwa skrubu juu ya jamvi la zege, na baada ya wiki tatu watu wanahamia. Amenitumia picha, na kweli nyumba ni nzuri. Kampuni inataka asilimia 60 ya malipo mwanzo, na inasema bei hiyo ni mpaka mwisho wa mwezi.

Baba alikuwa mwashi, ana miaka 71. Picha alizitazama kidogo tu, akasema nyumba ya skrubu ni kabati. Yeye anataka msingi wa mawe, na matofali tuyafyatue wenyewe hapo hapo kiwanjani. Mchanga anasema tuuchote pwani, ukinyeshewa mvua moja kubwa chumvi inatoka, ndivyo walivyofanya enzi zao. Kaka aliposikia hilo la mchanga alikasirika, akasema hatoi fedha yake iliwe na chumvi. Sasa wiki ya pili hawasemezani, kila mmoja ananituma mimi kwa mwenziwe.

Kiwanja kipo Gando, kwenye mteremko, bahari haifiki mita 300. Udongo wake unanata mvua ikinyesha na unapasuka jua likiwaka. Fedha ya kaka inatosha nyumba ya paneli ya vyumba viwili mpaka kuhamia. Kwa hesabu ya baba, fedha hiyo hiyo inafikisha nyumba ya matofali ya vyumba vinne mpaka lenta, halafu paa tusubiri karafuu. Mimi ninachoogopa ni masika mengine kutukuta kwenye kiambaza.

Maalim, nimsikilize nani, na nitamwambiaje yule mwengine?

Mwalimu, Wete

*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Poleni kwa ukuta, na alhamdulillah watoto hawakuwa chini yake.

Jibu langu ni matofali. Lakini si nyumba aliyoipiga hesabu mzee wako, na si kwa mchanga wake. Nitakueleza kwa nini, nikianza na kaka yako, maana hoja zake nyingi ni za kweli na asidharauliwe kwa kuwa yuko mbali.

Nyumba za kuunganisha si kabati. Nenda Unguja, pale Fumba, utaona nyumba za fremu ya mbao ambazo vipande vyake hutayarishwa kwanza, kisha vikasimamishwa kiwanjani, na watu wanaishi humo. Kazi hiyo haina mlima wa mchanga uwanjani, haimsubiri mwashi aliyekwenda harusini wiki nzima, wala saruji haipotei mfuko mmoja mmoja usiku. Tena paneli yenye povu gumu la plastiki ndani huzuia joto kuliko ukuta wa tofali la inchi 6 chini ya bati lisilo dari. Mzee wako hatapenda kulisikia hili, lakini ni kweli.

Tatizo langu ni kwamba "paneli" ni jina moja la vitu vingi. Mwulize kaka yako ndani ya ukuta mna nini. Kuna mabati mawili membamba yaliyobana povu katikati. Kuna fremu ya chuma chepesi iliyofunikwa mbao za saruji. Kuna fremu ya mbao. Kuna kuta nzima za zege ambazo hazinyanyuliwi bila kreni, na sijui kreni utaipitisha njia gani kufika Gando. Kwa hizo picha zako na habari ya skrubu, nadhani kaka ameonyeshwa ile ya kwanza au ya pili. Zote mbili zinasimama kwa chuma, na mita 300 kutoka baharini chuma ndiyo habari yenyewe.

Bati na fremu hizo hupakwa zinki. Kiwango kinachouzwa sana ni gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, na hicho bara kinafaa kabisa. Pwani, upepo wa kusi unaleta chumvi kila siku kwa miezi, inatua ukutani, unyevu wa usiku unaiyeyusha, zinki inaliwa. Haianzi katikati ya ukuta ambako utaiona. Inaanza pale skrubu ilipotoboa, pale bati lilipokatwa, na chini kabisa ambako mama akipiga deki maji yanaingia chini ya ukuta. Jamaa yangu mmoja alisimamisha chumba cha paneli karibu na ufuo, kaskazini ya Unguja, kwa ajili ya duka. Mwaka wa nne reli ya chini ya ukuta ilikuwa inabomoka kwa ncha ya kisu. Aliyemuuzia alikuwa ng'ambo, simu ikapokewa mara mbili tu. Fundi wa hapa aliikata ile reli, akachomelea chuma cha mageti, na povu likashika moto. Walilizima kwa ndoo, lakini tangu siku hiyo neno la kwanza ninalouliza mtu akiniambia paneli ni: nani ataitengeneza, na anakaa wapi?

Hilo ndilo linaloniondoa kwenye paneli kwa upande wako. Waashi wa Wete na Gando mnawajua kwa majina. Tofali likivunjika litapatikana jingine. Mwanao wa kiume akikua akataka chumba, ukuta wa tofali unaungwa, unaongezwa upenu, unatundikwa kabati la vyombo popote. Paneli moja ikipasuka au ikibonyea inabidi isafiri tena: kontena mpaka Unguja, chombo mpaka Pemba, lori mpaka kwako. Na hapo mwulize kaka swali jingine kabla hajatoa hata riali moja: bei aliyopewa inaishia bandari gani? Mara nyingi karatasi ya bei haina ushuru, haina usafiri wa kutoka Unguja kuja Pemba, haina jamvi, haina karo la choo, haina bomba wala nyaya. Na zile wiki tatu zinahesabiwa tangu siku vipande vyote viko kiwanjani na jamvi limeshakauka.

Asilimia 60 mwanzo na tarehe ya mwisho wa mwezi, hayo nayakataa. Kuagiza kitu kitengenezwe kwa malipo ya awali si haramu, masheikh wanaijua kuwa ni istisnaa na wameiruhusu, lakini sharti lake sifa za kitu zijulikane wazi: unene, aina ya chuma, kipimo, pahala pa kukabidhiana. Kaka yako mpaka sasa ana picha tu.

Sasa mzee wako. Mpe salamu zangu, umwambie Maalim anasema yuko sahihi kwenye ukuta na amekosea kwenye mchanga.

Mchanga wa pwani usiingie kwenye nyumba hiyo. Mvua moja inaosha juu ya tuta, ndani chumvi inabaki. Zamani walichanganya mchanga huo na chokaa, wakajenga kwa mawe, na ndani ya ukuta hamkuwa na nondo hata moja. Chumvi haikuwa na cha kula. Sisi leo tunatia nondo kwenye msingi, kwenye nguzo, kwenye lenta, kwenye ringi bimu, yaani ule mkanda wa zege unaozunguka nyumba yote. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu inachukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo. Inasukuma, zege linapasuka kwa mstari ulionyooka, kisha linaanguka vipande.

Naijua kazi hiyo kwangu mwenyewe. Nyumba yangu ya kwanza, Bububu, nilikuwa kijana, mchanga uliletwa alfajiri na gari ya ng'ombe, sikuuliza umetoka wapi. Ulikuwa mweupe, safi, wa kupendeza. Baada ya miaka minane lenta ya jikoni ilipasuka, wa tisa kipande kikubwa kama sahani kikaanguka juu ya meza tuliyokuwa tumetoka kulia. Nilivunja lenta zote sita, nikaanza upya. Gharama ile ingeninunulia mchanga halali wa nyumba mbili.

Na mchanga halali una taabu yake, nisikufiche. Visiwa vyetu ni vidogo, mchanga ukichimbwa hauoti. Ndiyo maana Serikali imeweka mkono, unachimbwa pahala palipotengwa na kwa kibali, na bei yake inapanda. Anzeni na mchanga kabla ya kitu chochote. Mkipata gari zenu, ziwekeni, zifunikeni. Ukitaka kuujua, chukua gao moja, lioshe ndani ya kikombe cha maji matamu, uyaonje kwa ncha ya ulimi. Si maabara, lakini chumvi nyingi haijifichi. Maji ya kuchanganyia nayo yaonje. Visima vya karibu na pwani vingi vina magadi. Na nondo zizame ndani ya zege sentimita 4 mpaka 5 kila upande, si hivi tunavyoona nondo imelala juu ya mbao za boksi, zege linamwagwa, ukifungua boksi unaihesabu kwa macho.

Jambo la pili la mzee ni ile hesabu ya vyumba vinne mpaka lenta. Hapo ndipo watu wetu wanapoangukia. Ukuta usio paa unanyeshewa masika mawili, matatu, saruji ya juu inalika, nondo zilizochomoza zinakuwa nyekundu, popo wanahamia kabla ya mwenyewe. Tofali lina ubora mmoja mkubwa kwa mtu anayengoja fedha ya karafuu au ya mshahara: linakubali kujengwa kidogo kidogo. Lakini kidogo kidogo ikatwe kwa kusimama, isikatwe kwa kulala. Yaani badala ya kuinua nyumba nzima mpaka lenta, inua sehemu ya nyumba mpaka paa.

Kwa hiyo mchoro uwe wa vyumba vinne kama anavyotaka, na kibali cha ujenzi kichukuliwe kwa mchoro huo mzima. Sasa hivi jengeni vyumba viwili, ukumbi mdogo na choo, kiasi cha mita 8 kwa 7. Tuhesabu pamoja. Kuta za nje ni mita 30, za ndani tuseme 15, kwa urefu wa mita 3 kwenda juu. Ukitoa milango na madirisha unabaki na kama mita za mraba 115. Tofali la inchi 18 kwa 9 linaingia 9 mpaka 10 katika mita moja ya mraba. Ni matofali yapata 1,100, bila ya msingi. Mfuko wa saruji wa kilo 50 utoe matofali ya inchi 6 yasiyozidi 30. Watakuja watu wa kuwaambia wanatoa 50. Hayo ukiyadondosha kutoka kiunoni yanakuwa unga. Mzee wako akae kwenye kiti chini ya mnazi ahesabu mwenyewe, kazi hiyo hakuna anayemshinda. Yamwagiliwe maji asubuhi na jioni siku 7, chini ya makuti, na yasijengewe kabla ya wiki mbili. Nne ni bora.

Upande wa pili ambako vyumba vingine vitakuja, mwashi aache meno ya kuungia na msingi uchimbwe mpaka huko sasa hivi, maana kuunga msingi mpya na wa zamani juu ya udongo kama wenu ni kutafuta ufa.

Udongo huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko mzozo wa kaka na baba. Udongo unaonata na kupasuka unavimba na kunywea, mwaka kwa mwaka, na unanyanyua pembe moja ya nyumba huku nyingine inashuka. Hata jamvi la nyumba ya paneli lingepata hayo hayo, milango ingeanza kukataa kufunga. Chimbeni shimo moja la majaribio, mita moja na nusu, kwenye pembe ya chini ya mteremko, muone udongo mgumu uko wapi. Msingi ufuate mteremko kwa ngazi, kila ngazi ilale sawa, isiwe umeinama. Juu ya mawe ya msingi ipite ringi bimu ya nondo nne kuzunguka nyumba yote kabla ya tofali la kwanza, na nyingine juu ya madirisha. Hizo mbili zinaifunga nyumba kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni. Halafu upande wa juu wa kiwanja chimbeni mfereji wa kuyageuza maji ya mvua yasipige msingi. Mfereji huo ni kazi ya vijana wawili kwa siku mbili na ndio watu wanaousahau kuliko kitu chochote.

Mzee akisema jiwe halifi, mkumbushe kwa adabu Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe, Unguja. Ilijengwa 1883, kwa mawe na chokaa, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Sisi sote tulilia. Jiwe pia linataka kutunzwa, na maji ndiyo adui wake.

Kuhusu upepo, tufani la Aprili 1872 liling'oa mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ikasalimika, na wazee wetu wakazoea kusema tufani si la kwetu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika mpaka Mafia. Kwa hivyo kenchi zisilazwe tu juu ya ukuta zikafungwa kwa waya. Vipande vya nondo viachwe vimechomoza kutoka ringi bimu ya juu, vikunjwe juu ya mbao. Mbao zitiwe dawa ya mchwa. Bati liwe nene kiasi mnachoweza, lenye mapaa yanayotoka nje ya ukuta karibu mita moja, maana mvua ya Pemba inapiga ubavuni. Na chini yake dari, hata ya bei ndogo. Madirisha yapaneni, moja likabili kusi na mwenziwe kaskazi, hapo lile joto la tofali ninalolikiri mtalipunguza sana.

Fedha ya kaka iende wapi? Kwenye vile visivyokubali kidogo kidogo: msingi mzima, ringi bimu zote mbili, paa na karo. Matofali na plasta vifuate mshahara wako na karafuu za mzee. Nyumba inahamika bila plasta ya nje na bila rangi. Haihamiki bila paa. Kwa mpango huo nadhani fedha yake itafika kwenye bati la sehemu ya kwanza, na kaka naye ataona kwa picha kila hatua imekula nini. Amtumie mtu mmoja, kwa hatua: msingi ukiisha atume ya ukuta. Fundi naye asilipwe yote. Baki na sehemu moja ya kumi mpaka masika ya kwanza yapite juu ya bati lake.

Angalia na kalenda. Masika yamekwisha, mnao mwezi huu mpaka Oktoba kabla ya vuli. Lakini karafuu zikiiva, wachukuzi wote watakimbilia mikarafuuni, na huwezi kuwalaumu. Chimbeni na mwage msingi sasa, wiki hizi, mkiwa na watu. Matofali yafyatuliwe sambamba. Kuta na paa zifuate karafuu zikishaanikwa.

Kama mambo yangekuwa mengine, ningekujibu mengine. Ungekuwa mbali na bahari, kuna karakana ya paneli hapa hapa Pemba yenye fundi wa kuitwa akaja, na fedha yote iko mkononi, ningemuunga mkono kaka yako bila kusita. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo, ajue kwamba hakushindwa na kabati la baba.

Na kuhusu wao wawili, usibebe tena maneno. Mpigie kaka ukiwa umekaa na mzee, weka simu kwenye spika, na uanze na mchanga. Mwombe mzee aseme yeye mwenyewe kwamba mchanga wa pwani ameuacha. Kaka yako alikasirika kwa hilo moja tu, na alikuwa na haki. Akishalisikia kutoka kinywani mwa babaake, la matofali litazungumzika.

Shimo la majaribio mkishalichimba, nipigie picha kuta zake zote nne mchana, kabla hamjalifukia, unitumie pamoja na mchoro. Nitautazama kabla hujamlipa mtu.